Sauti ipo, imekosa pa kutokea

Mama mkubwa alifika na meli kutoka Nansio, Jumamosi, akiwa na begi la nguo, kiroba cha udaga, ule unga wa muhogo wa kwetu, mfuko wa machungwa, na swali ambalo alilitoa kabla hata hajavua viatu.

"Ile sauti ya mama bado unayo?"

Mama anayemuulizia ni bibi yangu. Nilimrekodi kwa simu mwaka 2019, uani kwake kule Ukerewe, akipembua mtama na kusimulia alivyoolewa. Dakika arobaini na tatu. Mwaka uliofuata akafariki. Mama mkubwa siku ya kurekodi alikuwa safarini, na tangu msiba hajawahi kuisikia. Safari hii alikuwa amekuja Mwanza kwa ajili ya macho, Jumatatu ana miadi hospitalini na Jumanne anarudi, lakini nilimwona tu kwamba macho ni sababu ya pili.

Nikaweka laptopu mezani. Hedifoni zilikuwa zimechomekwa tangu usiku, nikazichomoa, nikafungua faili kwa programu ya kawaida ya kuchezea sauti. Kamstari kakaanza kutembea kwenye skrini, mawimbi yanapanda na kushuka kama kawaida, na chumba kimya. Nikapandisha sauti hadi mia. Kimya. Mama mkubwa ameinama, sikio lake liko karibu kabisa na kibodi, anasubiri.

"Labda imefutika," akasema taratibu.

"Haijafutika, mama. Si unaona inatembea?"

Nikachomeka tena hedifoni. Bibi huyu hapa, na jogoo wake nyuma. Nikazichomoa, kimya. Nikamwomba mama mkubwa avae basi hedifoni asikilize hivyo hivyo. Akakataa. "Mama yangu nimsikilize kwa kujificha masikioni? Nataka aongee humu ndani, na watoto wamsikie."

Sikuwa na la kujibu, kwa sababu alikuwa sahihi.

Kwa wasionijua, kazi yangu ni kunukuu mahojiano. Watafiti wanarekodi watu, wavuvi wa Mwaloni pale Kirumba, akina mama wanaoanika dagaa, wazee wa Kisesa na Magu, halafu wananiletea sauti na mimi naziandika neno kwa neno. Za Kiswahili, za Kisukuma, na za Kikerewe nilichokipata kwa huyu huyu bibi. Saa moja ya maongezi hunichukua saa tano, na ikiwa upepo wa ziwani umeingia kwenye maikrofoni hata saa saba. Usiku nasikiliza kwa hedifoni ili wengine walale. Mchana, nikikwama kwenye neno, nachomoa na kumwita jirani aje asikilize naye. Kwa hiyo tundu la hedifoni kwenye laptopu yangu linachomekwa na kuchomolewa pini pengine mara ishirini kwa siku. Laptopu ikiwa bubu, sili.

Nikateremka mjini mchana ule ule. Fundi wa kwanza, ambaye simtaji wala duka lake silitaji, aliiwasha, akacheza wimbo, akabonyeza hapa na pale, na hazikupita dakika tano akatoa hukumu: kadi ya sauti imekufa, na kwa kuwa imeungwa humo humo kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya laptopu, mazabodi nzima inabadilishwa. Laki moja na elfu themanini. Niiache mpaka Jumatano.

"Lakini kaka, hedifoni mbona zinatoa sauti?"

"Hizo ni laini nyingine, dada."

Nilikuwa nimeshaanza kutoa chaja kwenye mkoba nimwachie. Kilichonizuia ni hilo jibu. Niliomba laptopu yangu, nikamshukuru, nikapanda daladala ya kurudi Kitangiri nikiwa nimeikumbatia kifuani, na njia nzima nikawa nazungusha maneno yale: laini nyingine, laini nyingine. Kama ni laini mbili, zinaanzia wapi?

Zinaanzia pamoja. Ndani ya laptopu nyingi kuna chipu moja ndogo ambayo kazi yake ni kugeuza namba za faili kuwa mawimbi ya umeme yanayoweza kutikisa spika. Yangu imeandikwa Realtek, na ukikagua laptopu nyingi za mtaani utakuta jina hilo. Chipu hiyo hiyo inalisha spika za ndani, na hiyo hiyo inalisha tundu la hedifoni. Ingekuwa imekufa, hedifoni nazo zingekuwa kimya. Bibi alipoongea kwenye hedifoni alikuwa amenithibitishia kwamba faili ni zima, programu ni nzima, na chipu inafanya kazi. Waliobaki kushukiwa zaidi ni watatu: spika zenyewe, nyaya zake, au laptopu yenyewe kuamini kwamba haitakiwi kupeleka sauti huko.

Na huyu wa tatu alikuwa ameacha alama. Kwenye Windows, ukibofya kale kaspika kadogo kwenye kona ya chini kulia, na kwenye Windows 11 ukabofya pia kamshale kalikoko pembeni mwa kipimo cha sauti, utaona jina la kifaa ambacho sauti inakwenda muda huo. Nilipofika nyumbani nikabofya. Hakuna kitu kilichochomekwa popote, na bado palikuwa pameandikwa "Headphones". Laptopu ilikuwa inamwimbia mtu ambaye hayupo.

Hapa nataka nieleze lile tundu, kwa sababu nilipolielewa ndipo nilipoacha kuiogopa hii shida. Laptopu haina macho ya kuona hedifoni. Ndani ya tundu kuna kipande chembamba cha chuma, kama ulimi, kinachofanya kazi sawa na kile kitufe cha kwenye mlango wa friji kinachozima taa ukifunga. Pini ikiingia, inasukuma ule ulimi. Chipu inaona mguso umebadilika, inaipa taarifa draiva, yaani programu ndogo inayoiongoza, na draiva inazima spika na kufungua njia ya hedifoni. Pini ikitoka, ulimi unarudi na spika zinafunguliwa. Basi. Ndiyo akili yote iliyopo hapo. Kwa hiyo ulimi ukikwama umelala, ama kwa uchafu, ama kwa kutu, ama kwa kuchoka baada ya kusukumwa maelfu ya mara, laptopu itaapa kwamba hedifoni bado zipo. Haidanganyi, inasema kile ilichoambiwa na ulimi.

Nikachukua tochi ya simu nikamulika ndani ya tundu. Pembeni, karibu na mdomo, palikuwa na kitu cheupe kimegandamana kama ugali mkavu. Nikakikwangua kidogo, nikakinusa. Udaga.

Nikienda Ukerewe nabeba laptopu kwenye mkoba ule ule ninaorudia na unga wa muhogo niliopewa na ndugu. Udaga ni unga mlaini sana, unapenya kwenye mshono wa kiroba, na ukikutana na unyevu wa ziwa ndani ya tundu lenye upana wa milimita tatu na nusu unageuka gundi. Sisi tunaokaa kando ya ziwa tuna mambo mawili ambayo laptopu hazikutengenezewa: hewa yenye maji na vumbi la barabarani, yote yakikutana sehemu moja. Ongeza wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja kama wingu la moshi na kuingia kila penye mwanga. Nimewahi kuwatoa kwenye tundu la chaja.

Nilivyosafisha ni hivi. Kwanza nikaizima kabisa na kuchomoa chaja. Nikachukua kijiti cha meno cha mbao, kikavu, nikakizungusha taratibu kwenye kuta za tundu bila kukisukuma hadi mwisho, nikitoa uchafu kidogo kidogo huku laptopu nimeigeuza tundu liangalie chini ili unachokitoa kianguke badala ya kuzama. Usitumie sindano wala pini ya nguo, chuma kinakwaruza ule ulimi au kuukunja, na hapo utakuwa umelihalalisha lile jibu la mazabodi. Pamba nayo ni mbaya, inaacha nyuzi. Kupuliza kwa mdomo pia siafiki, tunapuliza mate. Mwisho nikapaka tone la ile spiriti safi ambayo mafundi wa simu wanasafishia saketi kwenye pini ya hedifoni mbovu za zamani, nikaiingiza na kuitoa mara kumi na tano hivi, nikaiacha laptopu wazi ikauke. Tina ya rangi usiiguse kabisa, inayeyusha plastiki.

Kisha nikaiwasha. Jina likawa limebadilika: "Speakers". Ule mlio wa ujumbe wa laptopu ukalia "ting" chumba kizima. Watoto wakapiga makofi. Nikafungua programu yangu ya kunukuu, nikabonyeza faili la bibi.

Kimya.

Nakiri nilikaa pale muda kidogo bila kugusa kitu. Mama mkubwa alikuwa anamenya machungwa na hakuniuliza, na huko kutoniuliza ndiko kulikoniumiza. Lakini safari hii nilikuwa na kitu mkononi: mlio wa ujumbe umetoka, faili halitoki. Spika ni nzima. Shida imehama kutoka kwenye tundu imekuja kwenye programu.

Watu wengi hawajui kwamba tangu toleo la Windows 10 la mwaka 2018, lile la 1803, kila programu inaweza kupangiwa kifaa chake cha kutolea sauti, peke yake, na Windows inakumbuka. Muziki uende huku, mkutano uende kule. Ni kitu kizuri kwa anayekitaka. Mimi nilikuwa nimeazima hedifoni za Bluetooth za mdogo wangu, nikaipangia programu ya kunukuu isikilizwe humo. Yeye akaondoka nazo kwenda Geita. Mpangilio ukabaki. Ukifungua mipangilio ya sauti na kuteremka hadi palipoandikwa "Volume mixer", au kwenye Windows 10 "App volume and device preferences", utaona orodha ya programu zilizo wazi na mbele ya kila moja kifaa chake. Programu yangu ilikuwa bado imeelekezwa Geita. Nikairudisha kwenye "Default", nikaifunga, nikaifungua upya, kwa sababu programu nyingine huchagua pa kutolea sauti pale zinapofunguliwa tu na hazigeuki nyuma hata ukibadilisha mpangilio mara mia.

Jogoo akawika ndani ya chumba. Kisha ungo, ule mchakacho wa mtama. Kisha bibi, kwa sauti yake ya kukoroma: "Hicho kidude kinakula chaji, kizime."

"Kizime nini mama, ongea," mama mkubwa akamjibu, na kipande cha chungwa kikamwanguka mapajani.

Tulisikiliza dakika zote arobaini na tatu. Watoto wa jirani waliingia wakakaa sakafuni. Kuna mahali bibi anataja jina la mume wake wa kwanza, ambalo mimi niliponukuu miaka ile niliandika kimakosa kwa sababu upepo ulilimeza. Mama mkubwa akalisema mara moja, sawasawa. Nimelirekebisha.

Tangu hapo watu wa karibu wamekuwa wakiniletea laptopu bubu, na nimegundua kwamba mambo yanayoonekana ni yale yale yana vyanzo vingine kabisa. Nayaandika yale niliyoyakuta kwa mikono yangu.

La kwanza ni pini isiyoingia hadi mwisho. Dada mmoja wa kwaya alikuja analalamika kwamba laptopu yake "inafuta" mwimbaji kiongozi: kinanda kinasikika, sauti za pembeni zinasikika kwa mbali kama ziko kisimani, kiongozi hayupo. Nilimwambia asukume pini kwa nguvu kidogo. Ikasema "tak", na kiongozi akarudi. Sababu yake inapendeza ukiijua. Pini ya hedifoni ina mgawanyo: ncha ni sikio la kushoto, pete inayofuata ni sikio la kulia, na kuna sehemu ya pamoja ambayo umeme wa pande zote mbili unarudia. Sehemu hiyo ya kurudia isipogusa, masikio mawili yanabaki yameungana yenyewe kwa yenyewe, na unachokisikia ni tofauti tu kati ya kushoto na kulia. Mwimbaji kiongozi hurekodiwa katikati, sawa kwa sawa pande zote, kwa hiyo tofauti yake ni sifuri na anapotea. Rekodi ya simu kama ile ya bibi kwa kawaida ni sauti moja iliyonakiliwa pande zote mbili. Hiyo hupotea yote, ukabaki na mnong'ono au kimya kabisa, na utaapa kwamba faili limeharibika. Kwa dada wa kwaya kisa kilikuwa kava la mpira alilolivalisha laptopu, limezidi unene, linazuia bega la pini.

Ndugu yake na hiyo ni hedifoni zenye maikrofoni ambazo pini yake ina pete tatu nyeusi. Kuna mipangilio miwili duniani. Inaitwa CTIA na OMTP, na tofauti yake ni kwamba maikrofoni na ile sehemu ya kurudia vimebadilishana nafasi. Vifaa vingi vya sasa ni CTIA. Ukinunua za bei nafuu pale Makoroboi unaweza kuangukia zilizotengenezwa kwa mpangilio wa zamani, na dalili zake ni zile zile za mwimbaji kupotea. Jaribio lake halina gharama: bonyeza na ushikilie kitufe cha kupokelea simu kwenye waya. Sauti ikikaa sawa muda wote umekishikilia, na ukikiachia inaharibika, basi hedifoni ni nzima, laptopu ni nzima, ni mpangilio tu haupatani. Kile kitufe kinaunganisha maikrofoni na njia ya kurudia, kwa hiyo ukikibonyeza unaitengenezea sauti njia iliyokuwa inaikosa. Rudi dukani, mwombe muuzaji akubadilishie, na mjaribu hapo hapo kwa rekodi yenye mtu anayeongea. Usijaribu kwa ngoma peke yake, ngoma inaweza kukuficha kasoro.

Bluetooth ina habari yake, na hii ndiyo iliyonichosha zaidi kabla sijaielewa. Nilikuwa kwenye mkutano wa mtandaoni na mtafiti mmoja aliyeko mbali, ananichezea kipande cha sauti aniulize neno. Kabla ya mkutano, muziki kwenye zile hedifoni za mdogo wangu ulikuwa safi. Mkutano ulipoanza tu, kila kitu kikawa kama redio ya zamani ndani ya pipa. Nilidhani ni intaneti. Siyo. Hedifoni ya Bluetooth ina tabia mbili. Ikiwa inasikiliza tu, inatumia njia pana inayoleta sauti nzuri ya pande mbili, kushoto na kulia, lakini njia hiyo ni ya kwenda tu. Mara programu yoyote ikiomba maikrofoni ya hedifoni hiyo, inahamia kwenye njia ya simu, ambayo ni ya kwenda na kurudi lakini nyembamba sana, sauti moja, ya ubora wa simu. Kwenye Windows 10 utaziona kama vifaa viwili, kimoja kimeandikwa "Stereo" na kingine "Hands-Free". Dawa niliyoizoea ni kuiambia programu ya mkutano itumie maikrofoni ya laptopu yenyewe, na hedifoni ziachwe zisikilize tu. Kwa kazi yangu, ambapo tofauti ya herufi moja inabadilisha maana ya neno la Kikerewe, njia ile ya simu siwezi kuikubali.

Kisha kuna laptopu zilizokuwa nzima jana na leo asubuhi hazitambui kuchomeka wala kuchomoa, bila uchafu wowote. Hapo uliza kama usiku ilijisasisha. Wakati mwingine sasisho linaondoa draiva ya mtengenezaji na kuweka ya jumla, na ya jumla inajua kutoa sauti ila haijui habari za ule ulimi wa laptopu yako. Kwenye "Device Manager", chini ya vifaa vya sauti, bofya mara mbili kifaa chako na uingie palipoandikwa "Driver", pana kitufe cha kurudisha draiva iliyotangulia. Kikiwa kimefifia, nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu yako, tafuta kwa namba ya modeli iliyo chini ya mashine, pakua ya kwao. Za kutoka tovuti za ajabu ajabu zinazokuahidi draiva zote kwa mpigo usizikaribishe nyumbani.

Na lile neno letu la "zima uwashe". Tunalisema wote, na kwenye Windows za sasa halitimizi tunachokikusudia. Tangu Windows 8 kuna utaratibu wa kuwasha haraka: ukichagua "Shut down", mfumo unahifadhi sehemu ya kumbukumbu zake, draiva zikiwemo, na kesho unaziamsha zilivyokuwa, na ugonjwa wao. Anayeanza upya kweli ni "Restart". Mtu ameniambia amezima na kuwasha mara tano, nikabonyeza "Restart" mara moja, spika zikarudi. Hiyo ifanye kabla ya kumulika tundu kwa tochi.

Kwa wanaotumia Linux, mfumo unaotumika badala ya Windows, mdogo wangu anatumia Ubuntu, aina yake mojawapo, na yake iliwahi kufanya vivyo hivyo. Alifungua alsamixer, programu ya kupangia viwango vya sauti, kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri, akachagua kadi kwa F6, akakuta spika zimefungwa kwa herufi MM. Akazifungua kwa kubonyeza M. Mle mle kwenye laptopu nyingi kuna kitu kinaitwa "Auto-Mute Mode". Ukikizima, spika hazizimwi tena na ulimi uliokwama, hata kama tundu bado chafu. Hiyo ni njia nzuri ya kuvuka siku, mpaka upate muda wa kusafisha. Ikiwa ni programu tu iliyoelekezwa pasipo, programu iitwayo pavucontrol itakuonyesha kila programu na mahali inakopeleka sauti.

Kuhusu mafundi, siwasemi vibaya. Baada ya wiki ule ulimi ulianza tena kusumbua, na kijana mmoja anayetengeneza simu karibu na stendi alinibadilishia tundu zima, kakipande kadogo tu, kwa fedha ambayo haikufika hata robo ya ile niliyotajiwa mwanzo. Alinionyesha la zamani chini ya kioo cha kukuzia. Ulimi ulikuwa umelika kwenye kona. Nilimuuliza angejuaje kwamba si mazabodi. Akasema, "Ningekuuliza kwanza kama hedifoni zinalia, dada."

Jumanne nilimsindikiza mama mkubwa bandarini. Miwani mpya ataipata mwezi ujao. Alikuwa na ombi jingine: ile sauti aende nayo. Simu yake ni ya vitufe, ina nafasi ya kadi ya kumbukumbu na spika kubwa nyuma, lakini haikulikubali faili la simu yangu. Nilikuwa nimeligeuza kuwa MP3 usiku, nikaliweka kwenye kadi, tukalijaribu pale pale kwenye benchi la abiria. Jogoo akawika. Mzee mmoja aliyekaa jirani na tenga la kuku akageuka kuangalia kuku wake.

Saa nane na nusu mchana simu ikaita. Alikuwa ameshafika. Hakunisalimia, aliisogeza tu ile simu ya vitufe karibu na hiyo aliyonipigia, nikamsikia bibi kwa mbali, ndani ya nyumba yake mwenyewe, akisema kizime.